Injini ya oveholi: Kabla ya kulipa, dai namba nne

Na Mwandishi Wetu, Mururu

INJINI iliyofanyiwa oveholi haina dirisha. Muuzaji ataiosha kwa petroli mpaka ing'ae, ataipaka rangi ya fedha, ataweka gasketi mpya zinazochungulia pembeni, na mnunuzi atabaki anaizunguka na kuigonga kwa vidole kama anayechagua tikiti maji sokoni. Kilichomo ndani, yaani ringi, valvu na kuta za silinda, hakionekani. Na hicho ndicho anacholipia.

Kwa wafanyabiashara wa Mururu, hapa wilayani Rusizi, suala hili si la mafundi peke yao. Gari dogo la petroli linalobeba nyanya, samaki, vitenge na unga kati ya Kamembe, Bugarama na mpaka wa Bukavu ndilo mtaji wenyewe. Injini ikichoka, mwenye gari ana njia mbili: kununua ya mtumba iliyopitia bandari ya Dar es Salaam au Mombasa, au kuifufua ile aliyonayo kwa ringi mpya, beringi mpya na valvu zilizosagwa. Njia zote mbili humfikisha mahali pamoja. Mbele yake ipo injini iliyofungwa, na pembeni yupo mtu anayemwambia kwamba ni nzima, lete fedha.

Akilipa na kuvuka mpaka, mambo hubadilika. Muuzaji yuko nchi nyingine, yuko chini ya sheria nyingine, anatumia sarafu nyingine, na mara nyingi risiti yenyewe ni karatasi ya daftari. Kurudisha chuma cha zaidi ya kilo mia moja kupitia forodha ile ile iliyokipitisha ni kazi ambayo wengi huiacha njiani. Ndiyo maana kipimo hufanywa kabla ya fedha kubadilisha mikono.

Kipimo chenyewe hakihitaji kompyuta. Kinahitaji geji ya kompresheni, betri iliyojaa, watu wawili na kama nusu saa. Matokeo yake, kwa injini ya silinda nne, ni namba nne zinazoandikwa kwenye karatasi. Mnunuzi asiyejua hata kufungua boneti anaweza kuzidai namba hizo, na akizielewa anaweza kukataa injini mbovu bila kugombana na mtu.

Maneno kwanza

Mpaka huu una lugha zake, basi tuelewane mapema. Kile ambacho fundi wa Dar es Salaam au Nairobi hukiita plagi, fundi wa Bukavu na Kamembe hukiita buji, neno lililoachwa na Kifaransa. Kwa kuwa Kifaransa hutumia neno hilo hilo kwa mshumaa, mtu akikuagiza buji mpakani, muulize kama ni ya gari au ya kuwasha nyumbani umeme ukikatika. Hapa tutasema plagi.

Kompresheni ni nguvu ya mgandamizo. Pistoni inapopanda huku valvu zimefungwa, huukandamiza mchanganyiko wa hewa na petroli mpaka ubaki katika nafasi ndogo, mara nyingi moja ya tisa au moja ya kumi ya ile ya mwanzo. Kisha plagi hutoa cheche. Kama mgandamizo unavuja, cheche hupiga lakini nguvu haitoki. Na unaweza kuvuja pahali patatu tu pa kawaida: kwenye ringi za pistoni, kwenye valvu, au kwenye gasketi ya hedi. Fundi mzuri anapopima huwa anatafuta ni wapi kati ya hapo patatu.

Vipimo navyo vina lahaja. Geji zilizotengenezwa kwa soko la Kiingereza husoma paundi kwa inchi ya mraba, ambazo mafundi huziita psi. Nyingine husoma bar, na vitabu vya Kijapani hutaja kilo kwa sentimita ya mraba. Bar 1 ni psi 14.5, na kilo 1 ni psi 14.2. Injini yenye psi 150 ina bar 10.3, au kilo 10.5. Muuzaji akikwambia "ina kumi na nusu" naye mwenzako akakwambia "ina mia na hamsini", wamesema jambo moja.

Namba hupungua ukipanda mlima

Hili lifuatalo ndilo linalozua ugomvi mwingi usio na sababu kati ya wauzaji wa pwani na wanunuzi wa huku juu.

Tuseme kitabu cha injini kinataka psi 180. Muuzaji wa Dar es Salaam amepima mbele ya wakala wako, amepata 180 katika silinda zote, amepiga picha, ametuma. Injini inafika Mururu, fundi wako anaweka geji, anapata 151. Simu zinaanza. Mnunuzi anaamini kabadilishiwa injini njiani, muuzaji anaamini anatafutiwa punguzo.

Wote wawili wanaweza kuwa wakweli. Geji hupima hewa iliyokandamizwa, na hewa ya Mururu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Uso wa Ziwa Kivu uko mita takriban 1,460 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho shinikizo la hewa ni kama asilimia 84 ya lile la pwani. Silinda huvuta hewa kidogo zaidi, kwa hiyo hata ikiwa nzima kabisa haiwezi kukandamiza kile ambacho haikuvuta. Chukua 180, zidisha kwa 0.84, unapata 151.

Hesabu hiyo hiyo inafaa njia nzima ya biashara. Injini iliyosoma 180 baharini itasoma kama 156 Kampala, 150 Kigali, 147 Nairobi, na hapa Mururu 151. Ukiteremka nayo bonde la Rusizi hadi Bujumbura, ambako Ziwa Tanganyika liko chini ya mita 800, itasoma karibu 164. Haijapona njiani, imeshuka tu mlima. Mfanyabiashara anayenunua Bujumbura na kuuza Bukavu, au kinyume chake, akiwa na hesabu hii mfukoni hatapoteza mteja kwa tofauti ya psi 13 ambayo haikusababishwa na mtu.

Hata hivyo hesabu hii isigeuzwe kichaka cha kujificha. Mtu akisema "ni mlima" kwa injini iliyotoka pwani na 180 kisha ikasoma 120 Mururu, mlima umekula psi 29 tu. Zile 31 nyingine zimeliwa na kitu kingine. Na mlima huzila silinda zote sawasawa. Hauchagui silinda ya tatu ukaacha ya nne.

Jinsi kipimo kinavyofanywa

Muuzaji mara nyingi hudai kwamba injini haipimiki mpaka ifungwe kwenye gari. Si kweli, ilimradi stata ipo na kuna mahali pa kuifunga. Katika injini nyingi stata hushikwa kwenye gea boksi au kwenye bamba lake, hivyo injini inayouzwa pamoja na gea boksi inaweza kuzungushwa ikiwa chini, ikiwa imeegemezwa imara, kwa betri na nyaya nene. Oili lazima iwemo. Injini iliyofufuliwa karibuni ikizungushwa kavu hukwaruza beringi zake mpya kabla hata haijaliona gari.

Kabla ya kufungua plagi, fundi apulize uchafu uliojaa kwenye mashimo yake. Mchanga wa barabarani ukidondokea ndani ya silinda iliyotoka kusagwa, oveholi nzima imeharibika. Nyaya za plagi ziwekewe alama, 1 hadi 4, hata kwa kipande cha karatasi na gundi, maana injini nyingi za silinda nne hupiga kwa mpangilio wa 1-3-4-2, na ukichanganya nyaya mbili utatafuta ugonjwa usiokuwepo siku nzima. Plagi zitolewe injini ikiwa baridi au vuguvugu. Hedi za aluminiamu zikiwa na moto mkali nyuzi za shimo hutoka pamoja na plagi.

Toa plagi zote nne, si moja moja. Ukiacha tatu ndani, stata hubeba mzigo mkubwa, injini huzunguka polepole, na namba hushuka bure. Zima umeme wa koili kwa kuchomoa soketi yake, na zima petroli: kwenye injini za EFI ni fyuzi, kwenye za kabureta ni bomba au waya wa pampu. Cheche iliyo wazi karibu na mvuke wa petroli unaotoka kwenye mashimo manne haihitaji maelezo.

Kisha geji hufungwa shimo la kwanza. Mtu wa pili hukanyaga mafuta hadi mwisho, au huvuta waya wa kabureta mpaka mlango wa hewa ufunguke wote. Hapa ndipo wengi hukosea, na hapa ndipo mjanja anaweza kukufanyia mchezo. Mlango wa hewa ukiwa umefungwa, silinda hukosa cha kuvuta na injini nzuri hupimwa kama mbovu. Mnunuzi anayetaka kushusha bei ya injini nzima anaweza kuufanya mchezo huo pia, kwa hiyo muuzaji naye aangalie mguu wa mwenzake.

Injini izungushwe mpaka geji ipige mara tano au sita, na idadi iwe ile ile kwa kila silinda. Angalia pigo la kwanza. Sindano ikiruka juu mara moja kisha ikapanda kidogo kidogo, ni dalili njema. Ikianza chini na kupanda taratibu kwa kila pigo, shuku ringi. Ikianza chini na kubaki chini, shuku valvu. Andika namba, toa pumzi ya geji, nenda silinda inayofuata. Betri ikianza kuchoka kwenye silinda ya nne, ile namba ya nne haina maana, chaji, rudia.

Kusoma karatasi

Tuseme upo Mururu na kitabu kinataka 180, yaani 151 kwa hapa. Fundi ameandika 150, 148, 152, 147. Hiyo ni injini unayoweza kuizungumzia bei. Namba ziko karibu na zinavyotakiwa, na zinafanana. Kufanana kuna uzito kuliko ukubwa. Vitabu vingine huruhusu silinda dhaifu ishuke mpaka asilimia 75 ya ile yenye nguvu, lakini kwa maoni yangu hicho ni kipimo cha injini mzee inayomalizia siku zake. Anayekuuzia injini kwa jina la oveholi amekutoza bei ya ringi mpya na valvu zilizosagwa, basi tofauti ikizidi asilimia 10 muulize maswali, ikizidi 15 acha fedha mfukoni.

Sasa karatasi nyingine: 150, 149, 105, 151. Silinda ya tatu ina tatizo. Hapa fundi humwaga kijiko kimoja cha chai cha oili kupitia shimo la plagi, huzungusha injini kidogo isambae, kisha hupima tena. Oili huziba kwa muda upenyo kati ya ringi na ukuta. Namba ikipanda hadi 140, ringi au ukuta wa silinda ndiyo chanzo, na injini inatakiwa ifunguliwe mpaka chini. Ikibaki 105, ringi hazina kosa. Ni valvu isiyokaa vizuri, na hapo hedi pekee ndiyo itakayofunguliwa. Tofauti ya gharama kati ya majibu haya mawili ni kubwa, na imepatikana kwa kijiko cha oili. Kisizidi kijiko, kwa sababu oili haikandamiziki, na ikijaa juu ya pistoni inaweza kukunja fimbo yake.

Karatasi ya tatu: 150, 98, 101, 149. Silinda mbili zinazopakana zimeshuka pamoja. Hiyo karibu kila mara ni gasketi ya hedi iliyoungua kati yao, au hedi iliyopinda ikafungwa bila kunyooshwa. Mara nyingi ni ishara kwamba mtu alibana boliti za hedi kwa nguvu za mkono badala ya spana ya kipimo, au hakufuata mpangilio wa kuanzia katikati kwenda pembeni.

Na karatasi ya nne, ambayo huwadanganya wengi: 110, 111, 109, 110. Zinafanana vizuri lakini zote ziko chini. Usikimbilie kusema ringi zimekwisha zote kwa pamoja. Kwanza hakikisha betri ina nguvu na mlango wa hewa ulikuwa wazi. Kisha tazama mkanda au mnyororo wa taimingi, kwani jino moja likirukwa wakati wa kufunga, valvu hufunga zikiwa zimechelewa na kompresheni hushuka kila mahali. Hilo ni kosa la kufunga, na hurekebishwa bila kununua kitu.

Injini iliyofufuliwa ina ukaidi wake. Ringi mpya hazijazoeana na kuta. Huhitaji kilomita mia kadhaa za kusuguana ndipo zizibe sawasawa. Kwa hiyo namba za siku ya kwanza zinaweza kuwa chini kidogo ya zinavyotakiwa kisha zikapanda. Kwa upande mwingine, fundi hupaka oili nyingi wakati wa kufunga pistoni, na oili hiyo huziinua namba kwa muda, kama kile kijiko. Valvu zilizorekebishwa kwa nafasi finyu mno nazo hubaki wazi kidogo na kuangusha namba. Ndiyo maana kipimo cha kweli ni viwili: cha siku ya kununua, na kingine injini ikishatembea na kupata moto.

Plagi nazo zina sheria zake

Baada ya kipimo, plagi hurudi. Kazi inaonekana ndogo, na kwa sababu hiyo huachiwa kijana anayejifunza. Lakini ni injini ngapi zimepona ringi zikafa kwa plagi?

Plagi ina mambo matatu yanayotakiwa kulingana na injini: unene wa nyuzi, urefu wa nyuzi, na kiwango cha joto. Unene ukikosewa haingii, basi hakuna hatari. Urefu ndio hatari. Kwa plagi za magari urefu wa kawaida ni milimita 19, nyingine ni 12.7. Ndefu ikiwekwa kwenye hedi ya fupi, ncha yake hugongwa na pistoni. Fupi ikiwekwa kwenye hedi ya ndefu, cheche hupigia shimoni, na nyuzi zilizobaki wazi hujaa masizi, siku ya kuweka sahihi inagoma kuingia. Chukua plagi ya zamani, ilaze pembeni ya mpya, linganisha. Lakini hakikisha na kitabu, maana ya zamani yenyewe inaweza kuwa iliwekwa kimakosa.

Kiwango cha joto husomwa kwenye namba ya plagi, na hapa makampuni hayakubaliani. Kwa NGK na Denso, namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi. Kwa Bosch ni kinyume, namba ikipanda ni ya moto zaidi. Muuza vipuri anayekubadilishia chapa moja kwa nyingine kwa kulinganisha namba tu anakupa kitu kisichofanana na ulichoomba. Awe na jedwali la kulinganisha, la sivyo nenda duka linalofuata.

Bandia zipo nyingi sokoni, na NGK wenyewe wamekuwa wakionya wateja kuhusu plagi zenye jina lao ambazo hawakuzitengeneza. Tazama maandishi kwenye kaure: yasifutike kwa kidole. Tazama ncha ya katikati: iwe katikati kweli. Ile ringi ya bati kwenye shingo isitoke kirahisi kwa kuizungusha. Na bei ikiwa robo ya bei ya maduka mengine yote, unajua unachonunua.

Kabla ya kufunga, pima nafasi ya cheche kwa fila geji. Injini za kabureta mara nyingi hutaka kama milimita 0.8, nyingi za EFI hutaka 1.1, ila kitabu cha injini ndicho chenye neno la mwisho. Plagi mpya kwenye boksi haimaanishi imepimwa. Inaweza kuwa ilianguka njiani. Zile za iridiamu zisikunjwe kwa bisibisi, ncha yake nyembamba huvunjika.

Ingiza plagi kwa mkono. Mafundi makini hutumia kipande cha mpira wa bomba la petroli: huvika plagi, huizungusha taratibu, na ikipinda kwenye nyuzi mpira huteleza badala ya kulazimisha. Spana haina huruma hiyo. Plagi ikishakaa kwa vidole, spana hutumika kuimalizia: kwa mpya yenye ringi ya bati, nusu hadi theluthi mbili ya mzunguko, kwa ile iliyokwishatumika, kidogo sana, kama saa moja kwenye uso wa saa. Zile zenye kiti cha mteremko, zisizo na ringi, hutaka moja ya kumi na sita tu ya mzunguko. Mwenye spana ya kipimo, plagi ya milimita 14 kwenye hedi ya aluminiamu hutaka nyutoni mita 25 hadi 30. Ile grisi ya kuzuia kutu ambayo wengine hupaka kwenye nyuzi si lazima kwa plagi zilizopakwa nikeli. Huzifanya ziteleze, na kipimo kile kile cha spana huishia kubana kupita kiasi.

Masizi meusi yasikutishe haraka

Injini ikishatembea siku kadhaa, toa plagi tena na uzipange mezani kwa mpangilio wa silinda. Rangi ya kahawia hafifu ni afya. Zilizolowa oili zinaonyesha ringi au mipira ya valvu. Nyeupe yenye malengelenge imeungua: plagi ya moto mno, mchanganyiko mkavu, au injini inachemka.

Nyeusi kavu yenye masizi kwa kawaida husomwa kama petroli nyingi kupita hewa. Huku Rusizi ina maelezo ya ziada. Kabureta iliyorekebishwa pwani hupima petroli ya hewa nzito ya pwani. Hapa hewa ni nyepesi, petroli inakuwa nyingi, na plagi zinaweza kuwa nyeusi katika injini isiyo na ugonjwa wowote. Gari likipanda Nyungwe kuelekea Huye, ambako barabara hupita juu zaidi ya mita 2,000, hali huzidi na nguvu hupungua zaidi. Dawa ni kurekebisha kabureta, au kuweka jeti ndogo. Injini za EFI zenye kihisi cha shinikizo hujirekebisha zenyewe, kwa hiyo masizi kwenye EFI yachunguzwe kwa uzito zaidi. Nimesikia watu wakishauriwa kufungua injini nzima kwa sababu ya plagi nyeusi peke yake. Mwenye karatasi ya namba nne zinazofanana anaweza kujibu ushauri huo kwa utulivu.

Wenye pikipiki wasidhani hawahusiki. Kipimo ni kile kile kwa silinda moja: fungua mafuta hadi mwisho, piga kiki kwa nguvu mara kadhaa. Tofauti ni kwamba baadhi ya injini za silinda moja zina kifaa kinachopunguza kompresheni wakati wa kuwasha, na namba itakuwa chini hata kama injini ni mpya. Uliza kabla ya kuhukumu. Plagi za pikipiki ni nyembamba zaidi, nyingine zina unene wa milimita 10, na hutaka kama nusu ya nguvu ya ile ya gari, au pungufu. Wenye dizeli nao wana hesabu tofauti kabisa, kwani kompresheni yake ni mara mbili hadi tatu ya petroli, na geji ya petroli ikifungwa huko inaweza kupasuka usoni mwa fundi.

Karatasi za mpakani

Kuna wafanyabiashara wanaodhani injini ya mtumba inaweza kupita kwa utaratibu rahisi wa forodha uliowekwa kwa wachuuzi wadogo, ule wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wenye kikomo cha dola 2,000 za Marekani, au ule wa COMESA. Taratibu hizo ni kwa bidhaa zinazotoka ndani ya nchi wanachama. Injini iliyotengenezwa Japani haigeuki kuwa ya Tanzania kwa sababu ilikaa ghalani Dar es Salaam, na kuwemo kwa Kongo katika Jumuiya tangu 2022 hakujaibadilisha asili yake. Panga bei ukiwa umeuhesabu ushuru.

Namba ya injini nayo iandikwe kwenye hati ya mauziano, pamoja na tarehe, mahali kipimo kilipofanyika na zile namba nne. Hapa Rwanda usajili wa magari uko chini ya Mamlaka ya Mapato, na gari lenye injini isiyolingana na kadi yake linaweza kukwama siku mwenye gari anapotaka kuliuza. Kutaja mahali kuna faida nyingine: mnunuzi wa Bukavu au wa Bujumbura akisoma "151, Mururu" ataweza kupiga hesabu ya kwake.

Kipimo cha pili kifanywe baada ya kilomita 500 hadi 1,000, injini ikiwa na moto wa kawaida, kwa geji ile ile na, ikiwezekana, mkono ule ule. Katika kipindi hicho gari lisibebeshwe mzigo wa kupasua wala kuendeshwa kwa kasi moja ndefu. Ringi hukaa vizuri mguu unapokanyaga na kuachia. Oili ya kwanza imwagwe mapema, maana imebeba vumbi la chuma la kusuguana. Namba za mara ya pili zikiwa sawa na za kwanza au zimepanda kidogo, karatasi zote mbili zihifadhiwe pamoja na kadi ya gari. Zikishuka katika silinda moja, rudi kwa fundi aliyeifunga na karatasi zote mbili mkononi, kabla siku za dhamana mlizoandikiana hazijaisha.